Mstari wa Mkubwa Haufutwi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Musoma mjini, Mkuu wa Stoo hakuniuliza hata jina. Alinisukumia boksi la sindano za mifugo akasema, "Hesabu." Nikahesabu, nikapata mia moja arobaini na mbili. "Hesabu tena." Nikapata mia moja arobaini. Mimi nimekulia soko la Mwigobero, kwenye meza ya samaki ya mama yangu, na nilijua kwamba mtu mzima akikuambia urudie hesabu, ana lake jambo. Nikamtazama usoni, nikamtazama mikono. Akafungua kiganja: sindano mbili.

"Nilizichukua ulipokuwa unajivuna kwamba umemaliza," akasema. "Binti, hesabu ya kwanza unajihesabia mwenyewe. Ya pili unawahesabia wenzako. Hapa tumekuajiri kwa hiyo ya pili."

Nimekaa kazini miaka thelathini na miwili, na kila kitu nimekihesabu mara mbili, hata miaka yenyewe. Kazi yangu ilikuwa mtunza stoo wa chanjo za mifugo. Nyie vijana mnaoingia kazini leo mtadhani ni kazi ya kufungua na kufunga mlango. Chanjo ni kama sato: ukimtoa kwenye barafu, anaanza kukuaga. Inakaa kwenye jokofu, inasafiri kwenye kisanduku baridi chenye vipande vya barafu, na chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe ndiyo yenye madeko kuliko zote. Inakuja ikiwa unga ndani ya kichupa. Ukishauchanganya na maji yake, ng'ombe awe amesimama mbele yako, maana kesho yake unamwaga. Kwa hiyo kazi nzima ni kuhakikisha kwamba chanjo, mchanjaji, gari na ng'ombe wanakutana mahali pamoja, siku moja. Wote wanne. Wakikutana watatu, hamjafanya kazi, mmetembea.

Pale Musoma, jambo hilo lilipangwa kwenye ubao. Mkuu wa Stoo aliandika kwa chaki nani aende wapi, na mfagizi akifuta kwa bahati mbaya, wiki nzima ilikuwa imefutika. Nilipohamishiwa Bunda nilikuta Daktari wa Mifugo, mama mmoja mwembamba asiyeamini ubao. Yeye kila kitu alikiandika kwenye kijitabu, na kijitabu kikalala kwenye mkoba wake. Alikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko ofisi yoyote, ila mkoba ukitoka, ofisi inakuwa bubu. Siku moja aliugua, tukaenda watumishi wanne mpaka kwake Nyasura. Mumewe akadhani tumekuja kumjulia hali. Akatukaribisha, akatuletea chai. Tukasema pole, tukasema pole tena, halafu mmoja wetu akashindwa kujizuia: "Shemeji, na mkoba unaendeleaje?"

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Butiama, kwenye mradi wa chanjo. Tulikuwa sita, ila wa kuwajua hapa ni watatu. Mratibu, mkubwa wetu, mtu mrefu, mpole, aliyeandika kila kitu kwa herufi kubwa kana kwamba karatasi ni kiziwi. Magesa, dereva. Na Wankuru, afisa mifugo, binti wa simu mbili na maneno machache. Huyo Wankuru ndiye aliyetuletea waraka wa pamoja.

Alitueleza kwenye kikao cha Jumatatu. Waraka mmoja, uko mtandaoni, kila mtu anaufungua kwenye simu yake. Ukiandika wewe uliye Butiama, mwenzako aliye Bunda anaona herufi zinavyotokea. Una safu: kazi gani, nani anaifanya, wapi, siku gani, imefika wapi. Chini yake, maelezo ya vikao vya vijijini. Na yeyote kati yetu anaweza kuandika, kuongeza, kufuta.

"Yeyote?" Mratibu akauliza.

"Yeyote, Mzee. Ndiyo maana yake."

Nilimuona Magesa akikunja mikono kifuani. Dereva anajua kitu kinachoshikwa na kila mtu huishia wapi.

Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho. Sisi ni watu wa Mara, lakini tumelelewa. Huwezi kuingia mahali alipo mkubwa ukaanza kuandika kazi bila salamu. Kwa hiyo kwenye safu ya "imefika wapi" ukakuta: "Shikamoo Mratibu." Chini yake: "MARAHABA." Chini yake: "Za asubuhi wote, poleni na mvua." Kazi yenyewe ilianzia mstari wa kumi na moja, nilihesabu. Wankuru akaongeza safu ya salamu, na ikawa ndiyo safu iliyojazwa vizuri kuliko zote. Magesa yeye, asubuhi mpaka jioni, hali yake ilikuwa moja: "Niko njiani." Siku moja nilimkuta kwa mama ntilie, sahani ya ugali na samaki wadogo wa furu mbele yake, waraka ukisema yuko njiani.

"Magesa, mbona uko hapa?"

"Mama Stoo, mimi nikikaa tu, tayari niko njiani. Gari ndiyo inanisubirigi."

Lakini kitu kile kilifanya kazi, sitaki kudanganya. Kabla yake nilikuwa napigiwa simu kumi kwa siku kuulizwa dozi ngapi zimebaki. Sasa naandika mara moja, nasoma mara ya pili, wote wanaona. Hakuna mkoba wa kuugua.

Ikaja zamu ya kijiji cha Suguti. Huko walikuwa wameshasikia ng'ombe wakikohoa boma la jirani, na homa ya mapafu haibishi hodi mara mbili. Hata hivyo wazee walikataa kuleta mifugo. Mtangulizi wetu fulani aliwahi kwenda akawaambia, "Nipeni idadi ya ng'ombe." Sasa kwetu ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa mdomo, kama vile watoto wake. Ukiwahesabu unawaitia balaa. Nikaenda na Wankuru kwenye kikao cha kijiji, nikakaa chini, tukapatana kama sokoni. Aliyenikabili alikuwa Mzee Maregesi, mwenye boma kubwa na ulimi mkubwa zaidi.

"Mama Stoo, nasikia wewe unahesabugi mpaka nyayo zako."

"Ni kweli, Mzee. Lakini ng'ombe wako siwahesabu. Nitahesabu sindano zangu. Sindano ni zangu, si ndiyo?"

Akacheka, akatazamana na wenzake. "Sindano ni zako. Lini?"

"Alhamisi, asubuhi."

"Na msipokuja?"

"Nisipokuja Alhamisi, usinipe hata salamu."

Kwa watu wa kule, hicho ni kiapo kizito kuliko cha mahakamani. Wankuru akaandika palepale kwenye maelezo ya kikao: Suguti, Alhamisi. Nikasoma mara mbili. Sahihi.

Jumanne jioni nikafungua waraka nikakuta mstari wa Mratibu juu kabisa: "ALHAMISI: NYEGINA. TIMU YOTE." Nikasoma. Nikasoma tena. Mistari minne chini yake, mstari wa Wankuru: Suguti, Alhamisi. Vijiji viwili, gari moja, siku moja.

Simu ikalia. Wankuru. "Mama, umeona?"

"Nimeona."

"Si uurekebishe? Wewe ni mtu mzima."

"Wewe ndiye uliyesema yeyote anaweza kufuta. Futa wewe."

"Mama jamani. Mstari wa Mratibu?"

Magesa naye akapiga. "Mama Stoo, mimi nasomaga barabara. Ya wakubwa siyasomi. Ila umeona?"

Wote watano tulikuwa tumeona. Tukajipa sababu: labda Mratibu amezungumza na mwenyekiti wa Suguti, labda ana mpango. Mimi nikajiona mjanja, nikapita kwa nyuma. Nikaandika kwenye safu ya salamu: "Shikamoo Mratibu. Vipi hali ya Suguti?" Baada ya dakika mbili akajibu: "MARAHABA. SUGUTI SALAMA." Nikalala nayo hiyo.

Alhamisi asubuhi tukafika Nyegina. Pale kwenye kibanio, ile njia nyembamba ya magogo anamopita ng'ombe mmoja mmoja, hapakuwa na ng'ombe. Alikuwapo mama mmoja anayeanika mihogo. Akatusalimia vizuri, akatuuliza tumepotelea wapi.

Mratibu akatoa simu, akaangalia waraka, akateremka na kidole mpaka mstari wa Wankuru. Hapo simu yangu ikalia. Mwenyekiti wa Suguti.

"Mama Stoo, ng'ombe wako kibanioni tangu alfajiri. Mzee Maregesi amesema wafunguliwe waende wakanywe maji. Wakishaingia machungani, hatuwakusanyi tena. Si leo, si mwakani."

Neno langu lilikuwa limesimama kwenye jua kule Suguti pamoja na wale ng'ombe. Lakini mtoto wa Mwigobero hafi bila kupatana.

"Mwenyekiti, nipe mpaka saa sita."

"Saa nne."

"Saa nne gari haina mabawa. Saa tano na nusu."

"Saa tano. Na maji je?"

"Wanywe zamu kwa zamu. Boma moja likinywa, jingine linangoja. Wakirudi hao, wanaenda wengine. Kibanio kisibaki kitupu."

Nikasikia anaongea na mtu pembeni. "Mzee anasema saa tano, siyo na dakika."

Nikamgeukia Magesa. "Sasa ndiyo uwe njiani."

Sijui alipitia wapi. Nilikuwa nimekumbatia kisanduku baridi kama mtoto mchanga, na kwa kila shimo niliomba vichupa visigongane. Tulifika Suguti saa tano kasoro dakika tatu. Nilitazama saa yangu, nikatazama na ya Wankuru. Maboma mawili yalikuwa yamekata tamaa yakaondoka. Yaliyobaki yalikuwa yanatosha kuitwa kazi. Mzee Maregesi alisimama langoni mwa kibanio, ameegemea fimbo.

"Shikamoo Mzee," nikasema.

Akaangalia ziwani.

Tukachanganya chanjo, tukaanza. Mimi nilihesabu sindano kwa sauti, ili asikie ni sindano. Kila nilipopita mbele yake nilimwamkia; kila nilipomwamkia alipata jambo la kutazama kwa mbali. Wankuru alikuwa anauma mdomo asicheke. Ng'ombe wa mwisho alipotoka na alama yake ya rangi, yule mzee akajikohoza.

"Marahaba," akasema. "Kwa salamu zote. Zilikuwa ngapi?"

"Tisa, Mzee."

"Hesabu tena."

"Nimeshahesabu. Tisa."

Akaita vijana wake, akawaamuru waende machungani kuwafuata wenye yale maboma mawili waliotoroka. Jumatatu iliyofuata walileta ng'ombe wao, na yeye ndiye aliyesimama langoni kuwapanga.

Ijumaa, kesho yake baada ya Suguti, kikaoni, Mratibu aliweka simu yake mezani. "Nani aliona kosa langu kabla ya safari?"

Mikono haikuinuka. Nikaona aibu kwa niaba ya umri wangu, nikainua wangu. Wa pili ukafuata, mpaka ikawa mitano.

"Watano," akasema taratibu. "Kwa hiyo asiyejua nilikuwa mimi peke yangu. Mama Stoo, wewe si ndiye wa kuhesabu mara mbili?"

"Nilihesabu mara mbili, Mzee. Na nikanyamaza mara mbili."

"Fungua waraka. Mstari wangu wa Alhamisi upo bado. Ufute."

Nikafuta herufi moja moja, na wenzangu wakawa wanatazama kila mmoja kwenye simu yake jinsi Nyegina inavyoisha, kama watu wanaotazama mtu akivuka mto. Ilipokwisha, Mratibu akasema tu, "Mnaona? Sijaumia."

Tangu hapo tulimsahihisha. Kwa salamu kwanza, lakini tulimsahihisha. Nawaambia nyie mnaoingia kazini: chombo kipya hakileti ujasiri ndani ya boksi lake. Waraka unaweza kumpa kila mtu kalamu, ila kama mmekubaliana kimoyomoyo kwamba kalamu ni ya mmoja, bado mko kwenye ubao wa chaki. Mkuu wangu wa kwanza aliniambia hesabu ya pili ni ya wenzako. Hakuniambia kwamba ukiibakiza tumboni, hujawahesabia.

Siku ya kuniaga hawakunipa hotuba ndefu; wananijua, ningehesabu kurasa. Walinipa kitenge na kuku wawili, nikawahesabu, walikuwa wawili. Halafu Wankuru akasema, "Mama, fungua waraka." Nikakuta mstari mpya juu kabisa, kwa herufi kubwa: "KAZI: KUSTAAFU. NANI: MAMA STOO. IMEFIKA WAPI: IMEKAMILIKA."

Nikausoma mara mbili. Nikamtazama Mratibu, yeye akanitazama. Sikuomba ruhusa. Nikafuta lile neno la mwisho, nikaandika: "Niko njiani."

Magesa akapiga meza. "Mama Stoo! Hilo ni langu!"