Neno la Herufi Nane

Mchana wateja wakipungua dukani kwetu Kariakoo, mimi na mke wangu tunaweka juu ya majora ya vitenge ubao wetu wa kupanga maneno ya Kiingereza. Sharti lake ni moja: neno utakaloweka ulitolee maana kwa Kiswahili, la sivyo linaondolewa. Mimi kushindwa sikuwezi; nanuna mpaka jioni. Siku hiyo nikapata neno refu, uxorious, nikalipanga kwa mbwembwe.

"Maana yake?" mke wangu akauliza.

Mteja alikuwa amesimama hapo anachagua kitenge. Nikaona haya, nikanong'ona: "Mwanamume anayempenda mkewe kupita kiasi."

Mke wangu akazikusanya herufi zangu zote, akanirudishia mkononi.

"Kupita kiasi?" akasema. "Hicho kiasi kakiweka nani?"