Kompyuta ya Neema yenye kioo kikubwa

Jamani, mwenzenu nimeumbuka. Wiki iliyopita niliwaambia wanawake wenzangu hapa Suji kwamba mguu unaniuma, siwezi kwenda msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kuchimba mfereji wa maji. Kumbe nilishuka kijiji cha Kisiwani, harusini, na mjukuu wangu Neema.

Basi jana wakaja wote kunipa pole, wamenibebea makande na maziwa. Nikala kwa aibu. Nikaona angalau niwafurahishe na kompyuta ya Neema, maana tangu bidhaa za nje ziwe ruksa kila kitu kinafika huku. Ni nzito na inamaliza chaji upesi, lakini kioo chake kikubwa kama sinia, hata mie naona bila miwani.

Nikasema, "Neema, waonyeshe bibi zako picha za mtoto wa shangazi yako."

Picha zikawa zinapita zenyewe. Nikadhani za mtoto zikiisha, basi zimeisha zote. Mara nikatokea mimi kioo kizima, pale harusini, kanga kiunoni, mguu juu.

Mama Elieza, aliyechimba kipande changu cha mfereji, akasogea karibu. "Bibi wa Neema, huu si ndio mguu wenyewe unaouma?"

Kabla sijafungua mdomo, Neema akamjibu kwa furaha, "Ndio huo, bibi. Alicheza mpaka jioni."