Kura Iliyochelewa Miaka Sitini

Bibi niliyekuwa nikimtunza Bur Dubai hakukubali kupitwa na taarifa ya habari. Macho yake yalikwisha kupungua nuru, lakini masikio yalikuwa mazima, na kila Ijumaa baada ya swala alitaka televisheni iwashwe wakati ninatandika mkeka wa chakula.

Ijumaa moja mtangazaji akasema kuna nchi ya visiwa, mbali huko upande wa pili wa dunia, inajiandaa kuwauliza watu wake kwa kura: waendelee kuwa chini ya mfalme, au wawe jamhuri. Bibi akainua mkono kama mtu anayesimamisha gari.

"Wanaulizwa?"

"Wanaulizwa, Bibi," nikamjibu. "Kila mtu na karatasi yake."

"Sisi hatukuulizwa," akasema, na mkono ukabaki juu.

Tulikuwa watano chumbani. Bibi mwenyewe, aliyeondoka Unguja baada ya Mapinduzi akiwa msichana wa miaka ishirini. Mdogo wake wa kiume, niliyemwita Babu, mgeni wetu wa kila Ijumaa, ambaye sebuleni kwake bado imetundikwa picha ya sultani, mfalme aliyepinduliwa. Mtoto wa Bibi, ndiye aliyenileta kazini, na mkewe, niliyemwita madam kama wanavyoitwa mabibi wote wa nyumba huko. Hao wawili wamezaliwa Dubai. Wa tano mimi, mtu wa shamba, Unguja kusini, mwaka wangu wa tano wa kumwogesha Bibi, kumpa dawa na kumpikia.

"Basi leo na sisi tutapiga," Bibi akasema. "Lete karatasi."

Mwanawe akacheka, halafu akaona mama yake hacheki. "Mama, tuko nchi ya masheikh. Maneno haya khalas, yaishe, tule wali."

"Ya hapa siyasemi. Hapa pana wenyewe, na wamenistahi. Mimi nasema ya kwetu. Hebu mtoto we, lete karatasi."

Nikachana kurasa za daftari la sokoni vipande vitano. Nikamwaga nyuzi zilizokuwa katika mkebe wa biskuti, nikauweka katikati ya mkeka. Anayetaka mfalme angebaki aandike M, na anayetaka jamhuri aandike J. Nikagawa. Nilipojiwekea changu, Babu akakiona.

"Na hicho cha nani?"

"Changu, Babu."

"Wewe humo. Hili ni jambo la familia."

Ningeweza kunyamaza. Miaka mitano nilikuwa hodari wa kunyamaza; ndiyo kazi yenyewe, nusu yake mikono na nusu yake mdomo kufungwa. Lakini siku ile niliufungua.

"Si jambo la familia, Babu. Ni jambo la nchi. Na katika chumba hiki hakuna mwenye nchi ile kunizidi mimi. Mimi nimezaliwa kule, mama yangu yuko kule leo hii anachota maji. Bwana hapa hajapata kuikanyaga Unguja hata siku moja, na umempa karatasi."

Madam akaniambia kwa ukali, "We! Unajua unasema na nani?" Akaongeza kwamba tiketi ya kunirudisha kwetu haina tabu.

"Najua, madam. Na kwetu napajua njia."

Babu hakupiga kelele. Alisema polepole, na hapo ndipo aliponichoma. "Babu zako ndio waliotutoa. Kaka yetu mkubwa alitoka asubuhi kwenda kuangalia duka, hatukumwona tena. Leo unataka na kura?"

Habari ile sikuipinga. Nilimwambia ninachokijua. "Babu yangu mimi alikuwa mchukuzi wa magunia ya karafuu bandarini. Mgongo wake ulikuwa na sugu mpaka anakufa. Mfalme hakumuuliza kitu. Waliompindua mfalme nao hawakumuuliza kitu. Sasa nami mjukuu wake nisiulizwe hata juu ya mkeka huu?"

Wali ulikuwa unapoa.

"Apige," Bibi akasema. "Au mimi sipigi, na chakula sili."

Nikapiga. Tuligeuziana migongo, kila mtu akiandika juu ya goti lake. Bibi alikataa kusaidiwa. Alishika kalamu kwa ngumi, akainamia karatasi mpaka pua inakaribia kuigusa.

Mwanawe ndiye aliyehesabu, bila shauku, kama anayesoma bei za bidhaa. M. J. M. J. Kisha akafungua ya tano akaiangalia muda mrefu kuliko zile nyingine. Ilikuwa na herufi moja kubwa yenye kutetemeka, ya Kiarabu, kwa kuwa Bibi alisoma chuo cha Kurani tu na Kiswahili chake chote anakiandika kwa herufi hizo. Jim, yaani J.

Babu akaiona. "Dada? Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyelia mwaka mzima?"

"Nilimlilia kaka yangu. Niliililia nyumba yetu. Yule mfalme sikumlilia, hata jina langu hakulijua." Akavuta pumzi. "Ningeulizwa, ningesema jamhuri. Lakini kwa karatasi. Walikuja na mapanga, na hilo sitawasamehe mpaka naingia kaburini. Yote mawili ni yangu, wala hakuna wa kunichagulia moja."

Babu akasimama, akatafuta viatu vyake, akaondoka bila kugusa chakula. Bibi akasogeza sahani yake, akaniambia nimpakulie.

Jioni madam alinitaka nimpigie Babu simu nimwombe radhi. Nikamwambia nitamwombea dua kaka yake aliyepotea, na hilo nitalifanya kwa moyo wangu wote, lakini radhi ya kupiga kura siombi. Nilikwenda kukunja nguo zangu, niwe tayari. Tiketi haikuja. Nilisikia baadaye kwamba mumewe alimwambia aniache.

Ijumaa tatu Babu hakuja. Ya nne akagonga mlango, amebeba tende, akaingia kama kwamba hakuna lililotokea. Nilimnawisha mikono. Maji yakiwa bado yanatiririka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe uliandika nini?"

"Siku utakaponiambia nani mwenzako aliyeandika M, Babu, nami nitakwambia."

Akanitazama. Hakutabasamu, lakini hakuuondoa mkono.

Niliandika J, bila shaka. Maana yake, ukiondoa ya Bibi na yangu, yuko mtu mwingine katika nyumba ile aliyeandika J, ama bwana ama madam, na mpaka nilipoacha kazi pale sikumjua. Wote wawili waliendelea kula wali wao kimya kila Ijumaa, na mimi nikila pamoja nao juu ya mkeka, kwa kuwa Bibi aliamuru hivyo na hakuna aliyethubutu kuitisha kura nyingine.