Siku Redio Ilipokatika Balambala

Naikumbuka vizuri alasiri moja ya Balambala, mji wetu mdogo wa wafugaji, mwanangu, miaka ya tisini ikiwa bado michanga. Nilikuwa msichana niliyetoka kumaliza kidato cha nne Garissa, nikapewa kazi ya ualimu katika shule ya msingi kabla hata sijaona mlango wa chuo. Watoto waliniita Mwalimu Sahara, na kila nilipoitwa hivyo niligeuka nyuma kumtafuta huyo mwalimu.

Lakini kwanza nikueleze tulivyokuwa tukipata habari, maana wewe umezaliwa wakati ambapo habari humfuata mtu hadi kitandani. Sisi tulizifuata habari kwa miguu. Redio ilikuwa dukani kwa Mzee Bare, kubwa, imevalishwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Betri zake zikichoka alizianika juu ya bati kama mtu anayekausha nyama ya safari, na jua likizipata zilirudi na uhai kidogo. Alasiri, saa ya matangazo ya Kisomali kutoka ng'ambo, wanaume walikaa kwenye mikeka mbele ya duka na mtu akikohoa aliangaliwa kwa jicho baya. Sisi wanawake tulikaa upande wa nyuma, ukuta wa mabati kati yetu na wao, chai ya maziwa ya ngamia mikononi.

Habari zikiisha Mzee Bare alizima redio ili betri zipumzike, na hapo ndipo utamu ulipoanza. Vyama vingi vitatuletea nini? Vita vya Mogadishu vitaisha lini? Mzee mmoja anasimama kupinga, mwenzake anamvuta kikoi akae. Mara mama mmoja anatupa jibu kupitia ukutani, na wanaume wote wanacheka. Wallahi, hata leo nikinusa chai ya iliki na moshi wa kuni nasikia makelele yale. Tulikuwa tukigombana sana, lakini tuligombana tukitazamana usoni, na jua likizama tuliswali nyuma ya imamu mmoja.

Mkuu wa shule yetu alikuwa Mwalimu Mutinda, mtu wa Kitui, Mkristo, mrefu, mwenye aibu. Alipofika mara ya kwanza hakuna aliyedhani angemaliza muhula. Alikaa. Alijifunza salamu zetu akizitamka kwa namna iliyotuchekesha. Mwezi wa Ramadhani alikula ndani mlango umefungwa, na kengele ya shule aliisogeza ili isigongane na adhana. Wasichana wetu walivaa mitandio juu ya sare, na yeye hakuwahi kutamka neno juu ya jambo hilo.

Katika darasa la nane wasichana walikuwa wachache mno, na aliyewapita wote, hata wavulana, alikuwa Habiba, binti ya Abdi Gedi, mfugaji. Baba yake alitaka kumtoa shuleni tangu darasa la sita. Mutinda ndiye aliyekwenda bomani kwake, akakaa kwenye mkeka, akanywa maziwa asiyoyapenda, akaomba binti aachwe amalize. Abdi Gedi alikubali. Tena baada ya hapo akawa anajisifu sokoni kwamba bintiye ndiye atakayemsomea barua za serikali.

Sasa sikiliza, mwanangu.

Alasiri ile, siku chache kabla ya mtihani wa mwisho wa darasa la nane, tulikuwa tumekaa kama kawaida. Msomaji wa habari akasema kwamba katika shule moja ya mbali, mkoa mwingine kabisa, wasichana Waislamu walikuwa wamefukuzwa kwa sababu ya mitandio yao. Akaendelea, "Na serikali nayo imesema..." Hapo betri zikafa. Mzee Bare alizitoa, akazisugua, akazirudisha. Kimya. Alipiga redio kofi kama mtu anayeamsha mlevi. Kimya tu.

Wanaume waliinuka bila kubishana, na hilo peke yake lingetosha kututisha. Kila mmoja alikwenda zake akiwa ameimalizia sentensi ile kichwani mwake. Kufikia swala ya isha, habari ilikuwa imeota miguu: serikali imepiga marufuku mitandio shule zote. Kufikia alfajiri ilikuwa na mikono pia: amri imeshaletwa Balambala, na Mutinda ameificha.

Asubuhi tukiwa kwenye gwaride la shule, watu wakaja. Sikuwa nimewahi kuwaona watu wa kwetu wakitembea vile, hawasemi, hawasalimii. Mbele yao alikuwa Abdi Gedi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha soko la mifugo, na "nipe" kinywani mwake ilitoka "nibe".

"Mwalimu, nibe mtoto yangu. Nibe sasa hivi."

"Kuna nini, mzee wangu?" Mutinda akauliza.

"Redio nasema. Serikali nakataa mtandio. Wewe najua, wewe naficha!"

"Mimi sijaletewa amri yoyote, haki ya Mungu. Mzee, si mimi niliyekuja kwako kumwombea Habiba?"

"Kumbe wewe nataka yeye vua nguo mbele ya watu!"

Kijana mmoja akalipindua pipa la maji la Mutinda lililokuwa kando ya mlango wa nyumba yake, hapo hapo penye uwanja wa shule. Maji yale yalikuwa yametoka mtoni asubuhi ile kwa punda. Yalimwagika yote mchangani, na Mutinda aliyatazama yakizama.

Mama mmoja akanigeukia mimi. "Na wewe, Sahara, utaendelea kufanya kazi na huyu?" Nami nilikuwa na mtandio wangu kichwani. Nikamtazama Mutinda, mtu niliyekuwa nikigawana naye chaki kila siku, na shaka ikaniingia. Nikajiuliza kama kweli ana amri mezani mwake. Ndivyo hasira ya watu wengi inavyofanya kazi. Haihitaji ukubaliane nayo, inakuhitaji tu unyamaze.

Ndipo Maalim Nuur akatokea. Huyu alikuwa mwalimu wa duksi, chuo chetu cha Kurani, mzee mkavu ambaye sauti yake hatukuwahi kuisikia ikipanda. Alikuja akitweta, kofia mkononi, miguu mitupu. Akapita katikati ya watu mpaka mbele, akauliza kwa Kisomali:

"Nani kati yenu aliyeisikia habari hii mpaka mwisho?"

Akamtafuta Mzee Bare kwa macho. "Bare, redio ni yako. Serikali ilisema nini?"

Mzee Bare akainamisha kichwa. "Betri zilikufa, Maalim. Hatukusikia serikali ilisema nini."

"Basi mmekuja kumfukuza mtu kwa maneno ambayo hayajasemwa." Akaivaa kofia yake. "Leo alasiri habari zitasomwa tena. Tutatafuta betri mpya na tutasikiliza wote, na huyu mwalimu atakuwapo. Ikiwa amri ipo, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kwenda Garissa kuipinga. Lakini mpaka hapo asiguswe."

Kisha akamgeukia Mutinda na Kiswahili chake cha taabu: "Mwalimu, samahani sana. Leo mimi nakaa hapa mlango yako. Mtu habiti." Na kweli akaketi kizingitini.

Watu walianza kutawanyika. Lakini Abdi Gedi hakungoja. Lori la mifugo lilikuwa linaondoka mchana ule kuelekea Wajir, na kutoka huko kuna njia ya Elwak, alikoishi kaka yake. Alisema bintiye hatakaa siku moja zaidi mahali anapoweza kudhalilishwa. Maalim alimsihi asubiri mpaka alasiri tu. "Adeer," Abdi Gedi akamjibu, yaani ami, kwa heshima, "wewe ni mzee wangu, lakini huyu ni mtoto wangu."

Nilimkimbilia Habiba pale lori lilipoegeshwa. Alikuwa ameshapandishwa juu na kukabidhiwa kwa dereva, maana baba yake alikuwa anabaki na mifugo; amekaa kati ya magunia, mbuzi wakilia nyuma yake. Hakuwa analia. Aliinama ukingoni akaniuliza, "Mwalimu, mtihani utaningoja?"

Nilimwambia asiache kusoma. Lori likaondoka.

Alasiri dukani kwa Mzee Bare mkeka haukutosha. Betri mpya zilikuwa zimepatikana kutoka tochi ya zahanati. Maalim Nuur alimkalisha Mutinda kando yake, goti kwa goti, na mimi nikaitwa kutoka upande wa wanawake nikae nyuma yao nitafsiri. Habari zikaanza. Zikapita za vita, zikapita za Nairobi, hatimaye ikaja ile yetu. Msomaji akasema wasichana walifukuzwa na mkuu wa shule ile moja tu. Na serikali nayo, baada ya wazazi na maimamu kulalamika, imeagiza wasichana wote warudishwe darasani na mitandio yao.

Nikainama nikamwambia Mutinda kwa Kiswahili yote yaliyosemwa. Nilidhani atashukuru Mungu, au atawageukia watu awalaumu, na haki hiyo alikuwa nayo. Aliuliza jambo moja tu.

"Habiba yuko wapi?"

Abdi Gedi alikuwa ameketi ukingoni mwa mkeka. Kiswahili hicho alikielewa vizuri. Akainuka, akajipangusa kikoi, akaondoka bila kuaga mtu.

Kesho yake alipanda gari lililoelekea Wajir kumfuata bintiye. Lakini mvua zilikuwa zimeanza kaskazini na barabara ya Elwak ilikuwa matope matupu, magari yamekwama njia nzima. Alipofika hatimaye, mtihani ulikuwa umeshafanywa. Tena alimkuta mke wa kaka yake mgonjwa, na Habiba ndiye anayelea watoto wa nyumba ile. Wakasema akae kidogo, mgonjwa apone. Kidogo ikawa muhula, muhula ukawa mwaka. Hakuna mtu aliyewahi kuamua kwamba Habiba asirudi shule, mwanangu. Siku tu zilipita.

Na Mutinda? Asubuhi iliyofuata baada ya habari ile ya redio aliamka akakuta pipa lake limejaa maji pomoni, na wanaume wanaongeza mitungi kando, Maalim Nuur akiwa mbele yao na kanzu yake imelowa. Mutinda aliwashukuru, akawapa mikono. Alifundisha mpaka mtihani ukaisha, kisha akaomba uhamisho. Hakusema ni kwa nini. Nakumbuka siku ya kuondoka kwake karibu mji mzima ulitoka kumsindikiza, na Abdi Gedi alimletea mbuzi wa safari. Waliagana kwa kushikana mikono yote miwili, wala hakuna aliyemtaja binti.

Nilimwendea Maalim baadaye, nikamwambia jinsi shaka ilivyoniingia asubuhi ile. Nikamuuliza yeye aliwezaje kuwa mtulivu. Akacheka. "Mtulivu? Sahara, mimi nilikasirika kuliko wote. Hukuniona nilikuja bila viatu? Ila nilipofika nikaona maji ya mtu yamemwagwa, nikajua kwamba hasira yetu imekwisha kumkosa aliyekosa na kumpata aliye karibu. Nikaona niulize swali moja kabla sijaifuata zaidi."

Miaka mingi baadaye nilikwenda Elwak harusini, nikamtafuta Habiba. Ni mama mnene mwenye duka la vitambaa, mcheshi, na mabinti zake wote wamesoma, mmoja ni muuguzi. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Akaniambia baba yake, kila alipokuja kumtembelea mpaka alipofariki, alimwomba radhi. "Nikamwambia baba, acha, nimekusamehe zamani. Lakini akaja tena na akaomba tena." Kisha akanyoosha kitambaa alichokuwa amekishika na kusema taratibu, "Nilikuwa nimeshajiandaa, mwalimu. Hesabu zote nilikuwa nazijua."

Mwanangu, mimi sikuambii usikasirike. Wasichana wale wa shule ya mbali walidhulumiwa kweli, na waliopaza sauti kwa ajili yao walifanya haki. Siku ambayo habari za nchi yako, za dini yako, za shule za watoto wako hazitakugusa, hiyo ndiyo siku ya kukuhurumia. Ninachokuomba ni kwamba habari ikikuchoma, ingoje iishe. Uliza nani aliyeisikia, aliisikia wapi, na nini kilichofuata baada ya pale ilipokatwa. Siku hizi simu haizimiki kama redio ya Mzee Bare, lakini inakukatia habari vilevile, tena mara nyingi kwa makusudi, kipande kile kinachouma ndicho unacholetewa. Wala huna mkeka wa kubishania. Unasoma peke yako, unawaka peke yako, na kwa kidole kimoja umeshawawashia wengine kabla chai haijachemka.

Na usimtoze jirani makosa ya mtu wa mbali. Mwenzako wa dini nyingine, kabila lingine, chama kingine, unayemjua kwa macho yako, mpime kwa yale unayoyajua juu yake. Ukiwa na shaka naye, nenda umuulize, umekaa naye chini. Na ukikosea, rudi mapema, kwa mguu wako mwenyewe, usitume mtu. Wako watakaokusamehe, lakini kusamehewa hakurudishi kila kitu, na aliyepoteza zaidi anaweza kuwa mtoto ambaye hakuwamo kabisa katika ugomvi wenu.

Sina la kuongeza. Mwenyezi Mungu akupe masikio yenye subira na ulimi usiotangulia moyo. Akupe elimu yenye manufaa, akuzungushie majirani wema wa kila dini, na akuweke uwe mmoja wao. Akuongezee umri, wewe na kizazi chako, mle kwa amani na mlale kwa amani. Amin.