Chungu cha Shangazi wa Rubona

Harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani kwetu, wakikaangwa hunipandisha hasira mpaka leo. Wenzangu hutokwa na mate. Mimi namkumbuka prefe, mwalimu msimamizi wa masomo wa shule yetu ya Gisenyi, aliyenipeleka kwa wavuvi ilhali nilitaka kuwa muuguzi.

Ilikuwa miaka michache baada ya familia yetu kurudi kutoka ukimbizini Tanzania. Kabla ya kumaliza sekondari kila mwanafunzi alikwenda staji, mwezi mzima wa kujifunza kazi inayolingana na masomo atakayoomba chuoni. Angalau ndivyo tulivyoambiwa. Mimi nilikwisha kuchagua kituo cha afya cha Nyundo, hata koti jeupe nilikuwa nimeshona. Chuo cha uuguzi hakikutaka mtu ambaye hajawahi kumgusa mgonjwa, kwa hiyo mwezi ule ndio uliokuwa mlango wangu.

Prefe alituita mmoja mmoja. Hakuniuliza nataka kusomea nini.

"We uko na mutu Nyundo wa kukupa chakula ya muchana?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na Rubona?"

"Yupo shangazi yangu."

"Bon. Anapika chungu kubwa?"

Nikajibu kwa majivuno kwamba chungu cha shangazi hulisha mtaa mzima. Kumbe nilikuwa najichimbia kaburi.

"Donc utaenda Rubona, kwa ushirika ya wavuvi. Espérance ataenda na wewe."

Espérance alikuwa msichana mkimya wa bweni, aliyetaka kusomea sheria. Sheria na samaki wapi na wapi? Naye Faustin wa darasa letu, aliyeota injini za boti usiku na mchana, alipelekwa Nyundo kwa sababu mjomba wake alilima huko. Siku ya kwanza aliona sindano akazirai, akalazwa kwenye kitanda ambacho ningekitandika mimi.

Nilirudi kumsihi prefe atubadilishe.

"Mutoto mwenye njaa hawezi jifunza kitu," alisema, akaendelea kuchonga penseli yake.

Mwezi mzima nilipima sambaza, magamba yakinigandia mpaka kwenye nywele. Mchana shangazi alitupakulia ugali, mimi nikanuna mbele ya sahani.

"Kula, mutoto. Samaki haina kosa," alinicheka.

Espérance alikula polepole mpaka tonge la mwisho, kisha akamshukuru shangazi kwa mikono miwili, kila siku, kama mgeni. Nilimwona ana madaha.

Chuo cha uuguzi kilinikataa. Walisema wavuvi si wagonjwa, na walisema kweli. Nikaishia kwenye ualimu.

Shangazi alipofariki, Espérance alikuja msibani akalia kuliko sisi wa damu. Jioni aliniambia jambo ambalo sikuwahi kumwuliza. Mwezi wa staji jiko la bweni lilifungwa, na yeye baada ya vita hakuwa amebakiwa na mtu hata mmoja, si Rubona, si Nyundo, si popote. Prefe alipokuwa akiulizia ukubwa wa chungu, alikuwa akimtafutia yeye chakula.

Hasira yangu haijaisha, msinielewe vibaya. Angeweza kuniambia! Mimi mwenyewe ningempeleka Espérance kwa shangazi, nikaenda zangu Nyundo hata kwa njaa.

Sasa mimi ndiye ninayepanga staji shuleni kwetu. Huanza kwa kuuliza kwa sauti kubwa, "Unataka kusomea nini?" na ninampeleka mtoto huko huko. Lakini kabla hajafika mlangoni namwita arudi.

"Na mchana utakula wapi?"