Mbio za Kufungulia Tamasha

Wiki ile kahawa iliiva yote kwa pamoja, na mimi nilikuwa nimechoka kabla hata ya kushika tarumbeta. Asubuhi nachuma, mchana naanika, jioni naenda mazoezini kanisani, hapa kwetu Rugera. Napiga besi, lile tarumbeta kubwa unalolipakata kama mtoto mzito. Okestra yetu ni ndogo: matarumbeta ya usharika, fidla chache na ngoma. Karibu wote ni wakulima.

Mwalimu wetu wa muziki ujanani alishindana mbio za baiskeli, na watu wa huku bado wanamsifia. Siku hizi moyo unamsumbua. Daktari amemkataza baiskeli, na tarumbeta pia. Basi akakaa nyumbani akatunga muziki wa mbio, wa kufungulia tamasha kule Kamuli. Hauna maneno. Ngoma inaanza, fidla zinatimka, sisi wa matarumbeta tunazifukuza mpaka mwisho, na hakuna mahali pa kuvuta pumzi.

"Mwalimu," nilimwambia mazoezini, "huu muziki utaniua. Punguza mwendo kidogo."

"Nikipunguza, mama, hizo si mbio tena. Ni watu wanakwenda sokoni."

Wenzangu walicheka. Mimi sikuwa na nguvu za kucheka.

Siku ya tamasha tulifika Kamuli nyuma ya lori, vumbi mpaka kwenye kope. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa, na sisi ndio tuliopangiwa kuanza. Mwalimu akainua mkono. Sijui ni furaha au woga, lakini alituanzisha kwa kasi kubwa kuliko siku zote.

Katikati, pumzi ikaniishia. Nilishusha tarumbeta, kifua kinawaka moto. Jirani yangu, fundi cherehani, naye alikuwa ameachia. Zikabaki fidla na ngoma. Nikasema moyoni, basi, tumeaibika.

Ndipo nikamtazama Mwalimu. Mkono wa kulia bado ulikuwa unatuongoza, lakini wa kushoto ulishikilia kibao cha kuwekea noti ili asianguke, na midomo imepauka. Alinitazama bila hasira, kama mtu anayeomba maji na hawezi kusema. Niliona wazi kwamba hataacha kuongoza mpaka muziki uishe, hata kama moyo utamshinda. Na bila sisi wa kuzifukuza, fidla zilikuwa zimeanza kulegea, na muziki ungezidi kurefuka.

Nikavuta pumzi nikapuliza. Noti nyingine nilikosea, lakini mwendo niliushika. Fundi akanifuata, kisha matarumbeta yote, na tukawafikia watu wa fidla tukamaliza pamoja. Watu walisimama, vigelegele vikapigwa.

Nilimkuta Mwalimu nyuma ya jukwaa, ameketi chini. Nikampa maji.

"Pole, Mwalimu."

"Pole na wewe. Uliishiwa pale katikati."

"Niliishiwa kabisa."

Alikunywa polepole. "Ujao nitatunga wa kutembea," akasema.

"Tunga, Mwalimu. Huo nitaupiga vizuri."

Alikaa palepale hadi rangi yake ikarudi, na mke wake akaja kumchukua.

Kwaya kutoka Kibingo ilipanda jukwaani. Nilitaka sana kuisikiliza, wanaimba vizuri wale. Lakini nilivua viatu, usingizi ukanichukua hapohapo kwenye benchi, na walikuja kuniamsha chakula kimekwisha kupakuliwa.