Mgongo wa Tangi la Samaki

Usiku ule Biasha hakulala, wala hakukaa. Alikuwa akisubiri habari mbili. Ya kwanza, kama binti yake Fauzia amejifungua salama pale hospitali. Ya pili aliona haya hata kuitamka: je, Fauzia na mtoto watakuja kukaa arobaini yao hapa kwake, Kilwa Masoko, au watapandishwa basi kwenda Kitomanga kwa mama mkwe?

Desturi ilikuwa upande wa Biasha. Uzazi wa kwanza, binti hurudi kwa mamaye. Lakini Bi Likwata, mama mkwe mwenyewe, alikuwa ametia neno mapema, tena mbele ya watu: "Huyu nitamlea mimi." Na ndiye aliyekwenda hospitali na Fauzia, kwa kuwa msindikizaji alitakiwa mmoja tu, na Biasha presha yake hupanda kwa kunusa harufu ya dawa.

Basi akawa anazunguka sebuleni. Anaishika simu, anatazama kama ina chaji, anairudisha mezani. Na kila akizunguka, macho yanaangukia tangi la samaki.

Tangi hilo alilitengeneza Jafari, mume wa Fauzia, ambaye ni fundi vioo. Alilileta baada ya harusi, zawadi ya mkwe, akalitua mlangoni akaondoka. Jafari hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Alimwogopa mkwewe kwa heshima. Salamu yake ilikuwa nje, macho chini, kisha huyo. Fauzia ndiye aliyelipenda tangi. Siku za mimba changa, tumbo likikataa kila kitu, alikuja kujilaza mkekani akawatazama wale samaki wa dhahabu mpaka kichefuchefu kikatulia.

Lakini miezi ya karibuni samaki walikuwa wamejibanza nyuma ya jiwe. Tangi liliegemea dirisha. Jua lilipita mgongoni kwake, kioo kikaota ukungu wa kijani, na kila aliyekatiza uani kivuli chake kiliwashtua. Biasha, ambaye huona ishara hata kwenye kijiko kilichoanguka, akaanza kuogopa. Fauzia alimcheka. "Mama, wanataka ukuta tu wa kuegemea. Kipake rangi kioo cha nyuma, nitakuja kulala hapo na mwanangu."

Neno lile Biasha alilishika kama ahadi.

Kwa hiyo usiku ule akaona heri afanye kazi kuliko kufa na wasiwasi. Akawahamishia samaki kwenye ndoo pamoja na pampu yao, akayateka maji yote, akalivuta tangi katikati ya sebule. Rangi ya maji ya buluu ilikuwapo, iliyobaki walipopaka ukuta wakati wa harusi. Akakipaka kioo cha nyuma kwa nje, mkono wa kwanza wa rangi, kisha wa pili, huku anamwomba Mungu.

Kulipopambazuka simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Jafari, imekwaruza. "Shikamoo, mama. Ni wa kike. Wote wazima. Kesho wataruhusiwa."

Biasha alipiga vigelegele mpaka Salome, jirani yake, akatoka na mswaki mdomoni. Halafu, kwa furaha, mikono haikutaka kutulia. Kazi ya Biasha ni kupaka hina. Maharusi wengi wa pale Masoko wamepita mikononi mwake. Akaviringisha koni ndogo za nailoni kama za hina, akazijaza rangi ya kijani na nyeupe, akaanza kuchora juu ya ile buluu: majani marefu ya baharini yanayoyumba, matumbawe, konokono, na samaki wadogo wenye mikia ya maua. Salome, aliyezaliwa Likawage ambako bahari ni habari ya kusimuliwa, alishika kiuno.

"Dada, hii bahari nikae ndani yake niache kulima!"

"Subiri uione kwa mbele."

Wakalisukuma tangi mahali pake, mchoro ukatazama dirisha. Wakaja mbele, wakainama.

Buluu. Buluu tupu, kama ndoo.

Salome akakunja uso, akazunguka nyuma, akarudi mbele, kisha akaketi chini kabisa kwa kicheko. "Mama Fau! Umewachorea majirani! Samaki umewapa ukuta!"

Biasha hakucheka. Alihisi machozi. Wanakuja kesho, kama wanakuja, na hili ndilo alilowaandalia.

Jafari aliwakuta hivyo. Alikuja kuchukua uji wa mzazi, ule wa mchele wenye pilipili manga. Akasimama mlangoni, macho chini kama kawaida.

"Marahaba, baba," Biasha akajibu salamu yake. "Wamesema nini? Kesho mnakwenda wapi?"

"Mama anasema Kitomanga." Alisema taratibu, kama aliyevunja kitu cha watu. Na katika kukwepa uso wa mkwewe, macho yake yakaangukia tangi. Aliyaona majani kwa pembeni, akaona na buluu kwa mbele, akaelewa. Akabana midomo. Mabega yakaanza kutikisika. Kicheko kikamshinda, kikatoka.

"Cheka, mwanangu, cheka," Biasha akasema, na yeye kikamponyoka.

Jafari akavua viatu, akavuka kizingiti. "Mama, kioo si mkono. Kwenye mkono rangi ya juu ndiyo inaonekana. Kwenye kioo, ya kwanza kupakwa ndiyo inayoonekana ndani. Ungeanza na majani. Buluu ije mwisho."

"Miaka yote hii nachora watu, leo kioo kimenishinda."

"Hakijakushinda. Rangi ya maji hii, wembe unaitoa."

Salome akabeba uji kupeleka hospitali. Wale wawili wakaketi na nyembe, wakakwangua. Biasha akamwekea muhogo wa nazi, naye akala, bila kukumbuka kwamba anaona haya. Katika kukwangua, Jafari akasema, "Mama yangu alizaa wanaume watupu. Hajawahi kupokea mzazi nyumbani. Chumba amekipanga tangu tulipomwambia mimba."

Wembe wa Biasha ukasimama juu ya kioo. Alikuwa amemfikiria Bi Likwata kama mnyang'anyi miezi yote hiyo.

Simu ya Jafari ikalia. Ni mamaye, anauliza amepotelea wapi.

"Niko kwa mama Fauzia, tunakwangua tangi."

"Umeingia ndani?"

"Nimeingia."

"Na umekula?"

"Muhogo, mama."

Biasha akanyoosha mkono akaiomba simu. "Mkwe wangu, hongera ya mjukuu. Sikiliza. Njoo na wewe. Arobaini nzima. Kitanda kipo, na usiku wa kupokezana mtoto upo."

"Mimi? Kwenye nyumba ya mtu?"

"Kwenye nyumba ya mjukuu wako."

"Nitafikiri," akasema Bi Likwata, akakata.

Biasha akachora upya: majani kwanza, konokono, mikia ya maua, kisha Jafari akafunika na buluu mwishoni. Jioni wakatazama kwa mbele, na bahari ilikuwamo. Asubuhi, rangi ilipokauka, Jafari akarudi, wakajaza maji na kuwarudisha samaki. Jafari akaenda hospitali. Biasha akafagia palipofagiwa.

Adhuhuri ikapita. Samaki mmoja akatoka nyuma ya jiwe, akaenda kunusa jani la rangi. Nje pikipiki ikasimama, ikaondoka, haikuwa yao. Halafu bajaji. Biasha akabaki amesimama katikati ya sebule, mikono kwenye khanga, hathubutu kwenda kuchungulia.

Mlango ukasukumwa kwa kiuno. Aliyetangulia ni Bi Likwata, mtoto kifuani, godoro lililokunjwa limening'inia mgongoni kwa kamba. Nyuma yake Fauzia, anatembea polepole, anacheka, na Jafari na mabegi yote.

Bi Likwata akatazama huku na huku, akaliona tangi, akalisogelea, akamwinua mtoto kidogo kulielekea.

"Haya, bibi mdogo, samaki wako hawa." Kisha akageuka. "Mkwe, funga huo mlango, mtoto atapigwa na upepo. Na uji uko wapi?"